Ile Jumatano ya mzee Capulet

Shikamooni wakubwa zangu, vijana habari za jioni. Naona ukumbi umejaa na wengine mmesimama kule nyuma mlangoni kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Nataka tuongee kuhusu Romeo na Juliet, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo hata mtu asieisoma anaijua, mtoto wa Montague na mtoto wa Capulet, familia haziivi, watoto wanapendana, watoto wanakufa. Ila mapenzi yao leo nayaweka pembeni kidogo. Naongelea saa. Naongelea siku chache ambazo hayo yote yanatokea, kuanzia Jumapili asubuhi mpaka Ijumaa asubuhi, na ndani yake naongelea siku moja tu, Jumatano, maana watu wengi wanasema waliuawa na nyota zao, wengine wanasema ugomvi wa wazazi, mimi nimekaa na huu mchezo miaka na miaka na nikimaliza kuusoma kila mara nabaki naiangalia ile Jumatano.

Ilinianzia kwenye mazoezi. Tulikua tunaiandaa na vijana, na kijana mmoja anaecheza Paris, yule mchumba wa Juliet aliyekubaliwa na wazazi, akasimama katikati ya onyesho akaniuliza, ticha, kwani Romeo na Juliet hapa wana muda gani tangu wajuane? Nikamwambia wamejuana jana usiku. Watu kimya. Binti mmoja akasema haiwezekani ticha, si wameshaoana? Nikamwambia ndio, wameoana leo mchana. Basi siku hiyo mazoezi yakaishia hapo, tukachukua chaki tukaanza kuandika ubaoni siku kwa siku, saa kwa saa, kwa saa zetu za Kiswahili, na ule ubao tukauacha palepale nyuma ya pazia mpaka siku ya onyesho, kila mtu kabla hajaingia jukwaani anauangalia ajue yeye anaingia siku gani saa ngapi na amelala au hajalala.

Sa hizo siku zenyewe mtunzi hakupangii mezani. Hakuna anaekwambia mwanzoni kwamba leo Jumapili. Inabidi usubiri mpaka sehemu ya tatu, usiku umeenda sana, mzee Capulet anamuuliza Paris leo siku gani, Paris anamjibu Jumatatu bwana. Kuanzia hapo ndo unarudi nyuma na vidole, kumbe ule ugomvi wa barabarani unaofungua mchezo ulikua Jumapili, na Romeo aliposhangaa kwamba bado ni asubuhi akaambiwa saa tatu imegonga sa hivi tu. Jumapili hiyohiyo usiku pati nyumbani kwa Capulet, wanaonana, wanabusiana, kabla hakujakucha Romeo yuko chini ya dirisha. Jumatatu mchana Padri Laurence anawafungisha ndoa. Alafu inapita saa moja, na saa moja nasema kwa sababu Romeo mwenyewe anasema Tybalt, yule binamu wa Juliet, amekua ndugu yangu kwa saa moja, Mercutio rafiki yake Romeo kauawa na Tybalt, Tybalt kauawa na Romeo, Romeo kafukuzwa mji wao wa Verona, kule Italia. Usiku wa siku hiyo ndo usiku wao wa kwanza na ndo wa mwisho. Jumanne alfajiri Romeo anaondoka kwenda Mantua, mji wa jirani, Jumanne usiku Juliet anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti, Jumatano anazikwa, Alhamisi usiku wote wawili wamekufa kaburini.

Na hii haikua hivi kwenye hadithi aliyoichukua. Mwingereza mmoja Arthur Brooke alishaiandika kama shairi refu mwaka 1562, na kwake pati ni ya msimu wa Krismasi, Tybalt anauawa baada ya Pasaka, hadithi nzima inakula kama miezi tisa, wale wawili wanapata wiki na wiki za kukutana kwa siri kama mtu na mkewe. Shakespeare akaichukua ile miezi tisa akaikamua kama mtu anavyokamua tui, ikabaki siku hizo chache. Akampunguza na Juliet umri, Brooke alimpa kama miaka 16, huku ana 13.

Hiyo 13 naomba tukae nayo kidogo maana ndipo yaya anapoingia. Kuna onyesho la mapema kabisa ambalo madairekta wengi wanalikata wakiona ni porojo za bibi, mimi siwaelewi kabisa. Mama yake Juliet anasema unajua mtoto ameshafikia umri, yaya anadakia, anasema mimi umri wake naujua mpaka saa. Mpaka saa! Mama mzazi hana hiyo hesabu, anayo yaya, maana ndo alimnyonyesha, na mtoto wake mwenyewe Susan alikua rika moja na Juliet na Mungu alishamchukua. Anasema atatimiza 14 usiku wa kuamkia sikukuu ya mavuno, kwao ni tarehe 1 Agosti, na mama anasema zimebaki wiki mbili na siku kadhaa. Kwa hiyo tuko Julai katikati, jua kali, damu za watu zinachemka, na Benvolio, ndugu yake Romeo, analisema hilo baadae kwamba joto hili tukikutana na watu wa Capulet hatutakwepa kupigana. Alafu yaya anaendelea kukumbuka siku aliyomwachisha ziwa, alijipaka pakanga kwenye chuchu, amekaa juani chini ya ukuta wa banda la njiwa, mtoto akaonja uchungu akakasirika, na hapohapo tetemeko la ardhi likatikisa banda. Miaka 11 imepita. Mama zetu wengine wanatumia shubiri kwa kazi hiyohiyo, binti anaecheza yaya nilipomweleza akasema bibi yangu alinifanyia hivo, na kuanzia siku hiyo akalicheza lile onyesho kama anaongea habari ya nyumbani kwao.

Mnaona alichofanya mtunzi. Kabla hajaanza kukimbiza saa amekuonyesha mtu mmoja ambae muda kwake ni miaka, ni maziwa, ni meno (anasema yamebaki manne), ni msiba wa mtoto. Ukishampata huyo ndo utaumia vizuri na ile kasi inayokuja.

Niseme na kitu kingine kinachotuhusu watu wa Pwani. Sisi siku inaanza magharibi, mzee wa kwetu akikwambia tukutane usiku wa Ijumaa anamaanisha leo Alhamisi jua likizama. Waitaliano wa zama zile na wao walihesabu kuanzia jua kuzama, saa zao 24 zinaanza jioni mpaka jioni nyingine. Shakespeare yeye aliwapa watu wa Verona saa ya London, lakini ukiusikiliza mchezo kwa sikio la Kiswahili unakaa vizuri ajabu, maana mambo mengi makubwa mle ndani yanatokea gizani, pati, dirisha, kitanda, dawa, kaburi. Kwa hesabu ya bibi yangu Juliet alikufa usiku wa Ijumaa. Na kumbukeni majumba ya maigizo ya London yalikua wazi juu, mchezo unachezwa mchana, watazamaji wamesimama na jua kichwani. Hakuna taa ya kuzima. Kwa hiyo usiku wote ule ulitengenezwa kwa mdomo, ndo maana wahusika kila saa wanaulizana saa ngapi, mwezi uko wapi, ndege anaelia ni yupi. Wale wawili Jumanne alfajiri wanabishania ndege, Juliet anasema ni yule wa usiku, Romeo anasema ni yule wa asubuhi, na wanachobishania ni uhai wake, maana akikutwa Verona jua limetoka anakufa.

Juliet ndo anaehangaika na saa kuliko wote. Usiku wa dirishani anauliza kesho nimtume mtu saa ngapi, anaambiwa saa tatu, anasema mpaka hapo ni miaka ishirini. Kesho yake amemtuma yaya saa tatu, yaya aliahidi nusu saa, sasa ni saa sita jua utosini na hajarudi. Yaya anafika anahema, oo mifupa yangu, oo kichwa, oo mgongo, mama yako yuko wapi, umekula mchana? Watu ukumbini huwa wanacheka sana hapo na wacheke, ila mwangalie mtoto. Ana roho juu. Kuna mstari mmoja huwa nauonea huruma, Jumanne asubuhi Romeo anashuka dirishani, Juliet anamwambia nataka kusikia habari zako kila siku ya kila saa, maana kwenye dakika moja kuna siku nyingi. Wangekua leo tungesema wangepeana namba tu. Wao walikua wanategemea miguu ya watu wengine.

Sasa tufike kwa mzee Capulet. Jumapili mchana Paris anakuja kuomba mke, mzee anasema mtoto bado mdogo, tungoje jua la miaka miwili lingine, na anaongeza kwamba hata nikikubali mimi mpaka yeye apende. Baba mzuri kabisa. Jumatatu usiku, siku moja imepita, baba huyohuyo anasema nadhani atanisikiliza tu, tuwaozeshe, leo siku gani? Jumatatu? Jumatano ni mapema mno, basi iwe Alhamisi. Miaka miwili imekua siku tatu. Kwenye nyumba msiba, Tybalt mpwa wa mkewe kauawa mchana, na wanaume wa nyumba zetu pia mnajua, msiba ukiingia mtu anatafuta jambo la kufanya, lolote, ili nyumba isikae kimya. Anasema tualike watu nusu dazani tu, watu wasituone hatukumjali marehemu. Na wakati anayasema hayo sebuleni, juu chumbani binti yake yuko na mume wake wa ndoa. Sisi tuliweka ngazi moja katikati ya jukwaa, mzee chini na taa yake ya chemli, juu mlango umefungwa, hatukuongeza kitu kingine.

Jumanne asubuhi Juliet anakataa, na baba anageuka mkali kiasi kwamba vijana wangu walikua wanashindwa kuyatamka yale maneno, anamwambia usiponisikiliza kaombe barabarani ufe na njaa. Juliet anakimbilia kwa Padri. Padri anampa mpango, na hapa naomba masikio yote. Anamwambia Jumatano ni kesho, basi kesho usiku ulale peke yako, unywe hii, utalala saa 42 kama maiti, tutamwandikia Romeo, atakuja akuchukue. Kesho usiku. Yani Jumatano usiku. Mpango una nafasi, una siku nzima ya barua kutembea, na Mantua ni kama kilomita 40 tu kutoka Verona.

Juliet anarudi nyumbani, anapiga magoti, anamwambia baba nisamehe, nitafanya utakalo. Ni uongo, lakini anausema vizuri kwa sababu maisha yake yako humo. Na mzee anafurahi. Anafurahi mpaka anasema tuifunge ndoa kesho asubuhi. Mkewe anamwambia jamani Alhamisi inatosha, hatuna vyakula, sa hivi usiku unaingia, anasema hapana, kesho twende kanisani.

Hapo ndo pale. Siku moja imechukuliwa kwenye ule mpango na aliyeichukua ni baba mwenye furaha. Hakua na hasira, hasira zake za asubuhi hazikugusa tarehe, Alhamisi ilibaki Alhamisi pamoja na matusi yote. Iliyosogezwa na furaha ndo ikaua. Mimi nimezaa, nina mabinti, na hili jambo linanikosesha raha kila nikilifikia, kwamba mtu anaweza kuwa amemsamehe mwanae, moyo mwepesi, anasema mwenyewe moyo wangu umekua mwepesi ajabu, na kwa mkono huohuo anamsogezea kaburi.

Nendeni na jikoni usiku ule. Jumatatu alisema wageni nusu dazani, Jumanne usiku anatuma mtu akaajiri wapishi 20. Usiku huo mzee hapati usingizi na hautaki. Anamwambia mkewe nenda kakae na mwanao, leo mimi ndo mama wa nyumba. Yaya anahangaika na viungo, jikoni wanalilia tende na matunda ya kuweka kwenye maandazi, kuni mbichi kuni kavu, vijana wanapishana na makapu, mzee anapita anawaambia changamkeni, jogoo la pili limeshawika, kengele imelia, ni saa tisa. Yani ni harusi ya kwetu kabisa, ule usiku wa masufuria ambao hakuna anaelala na kila mtu anamfokea mwenzake kwa mapenzi. Na juu ya hilo jiko, ghorofani, mtoto amelala baridi. Alfajiri mzee anamtuma yaya, kamwamshe.

Kuhusu zile saa 42, wataalamu wamezibishania na hesabu haikai sawasawa, ukisema alikunywa saa sita usiku basi ataamka Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na kaburini ni usiku mzito. Mimi halinisumbui. Anaetazama hapigi hesabu ya saa ya dawa, anapiga hesabu ya barua. Ni kama pale Juliet analalamika kwamba yaya alimsifia Romeo mara elfu nyingi, wakati wamemjua tangu juzi. Ukumbini unaona kweli wamejuana siku nyingi.

Ile barua ya kwenda kwa Romeo alipewa Padri John, mwenzake Laurence. Alienda kumtafuta mtawa mwenzake wa kusindikizana nae, aliyekua anatembelea wagonjwa, na wakaguzi wa mji wakashuku nyumba ile ina tauni, wakafunga milango nao ndani. Zamani nikifundisha hapa watoto walikua wanaona ni kisingizio cha mtunzi, baada ya 2020 hakuna aliyeniuliza tena. Watu wa London hawakuuliza pia, majumba yao ya maigizo yalifungwa kwa tauni kwa sehemu kubwa ya 1592 mpaka 1594, na mchezo huu ulichapwa mara ya kwanza 1597, walikua wameona nyumba zikipigwa misumari watu wakiwa ndani. Sasa fikirieni Alhamisi jioni Padri Laurence anarudishiwa barua mkononi haijatoka Verona. Kama Juliet angekunywa Jumatano usiku kama ilivyopangwa, Alhamisi hiyo ndo kwanza angekua na usiku mmoja, kuna muda wa kumtuma mtu mwingine. Sasa zimebaki saa tatu aamke. Mzee wa watu anachukua chuma cha kuvunjia kaburi anakimbia.

Na huyu ndo aliyekua anamwambia Romeo Jumatatu taratibu, wanaokimbia ndo wanaojikwaa. Najua mnangoja nitoe ile methali yetu ya haraka haraka, sitaitoa, kwa sababu Padri alikua na methali zote na siku hiyohiyo ya Jumatatu akawafungisha ndoa mchana. Alhamisi usiku anafika makaburini anasema miguu yangu mizee imejikwaa mara ngapi leo kwenye makaburi.

Kaburini Romeo, aliyeambiwa tu kwamba mkewe amekufa, ana mwenge. Anamwangalia mkewe anasema kifo hakijakushinda bado, midomo yako ina wekundu, mashavu yana wekundu. Ameona. Damu inarudi, dawa inaisha, yeye ameiona kwa macho yake na hakuielewa, akanywa sumu. Toka Romeo anaanguka mpaka Juliet anafumbua macho haifiki hata mistari 30, kwenye mazoezi nilipima ni dakika mbili na kidogo. Mwaka 1748 mwigizaji mmoja David Garrick kule London aliona hiyo dakika ni ukatili, akabadilisha, Juliet anaamka Romeo bado hai na wanaongea kidogo kabla hajafa, na watu walilipenda sana toleo lake kwa miaka mingi. Mimi nawaelewa watu hao lakini nabaki na Shakespeare. Juliet anaibusu midomo anasema ina joto. Kwangu hilo neno joto linatosha, ndo saa yenyewe hiyo ameishika.

Nimalizie na yaya. Jumatano asubuhi anamkuta mtoto, analia ole ole wa siku hii, na baada ya onyesho hilo hasemi tena neno mpaka mchezo unaisha. Kaburini wanakuja mama, baba, mtawala, mzee Montague ambae mkewe amekufa usiku huohuo kwa huzuni, walinzi, wote wanaongea, na yule aliyejua umri wa Juliet mpaka saa hayupo. Sisi tulimweka. Nilimwambia yule binti aingie nao, akae chini karibu na ngazi, asiongee. Akaniuliza sasa ticha nikae nafanya nini muda wote huo? Nikamwambia hesabu siku zilizobaki mpaka kuamkia tarehe moja. Zilikua kumi na kitu. Akahesabu kwa vidole, polepole, vidole vikaisha akaanza tena mkono wa kwanza, na wakati taa zinazimwa bado alikua hajafika.